Kisu Kilichopinda: Namna ya Kutambua Asili na Umri Wake

Katika nyumba nyingi za Ujiji na Kigoma, na katika vijiji vilivyo kando ya Ziwa Tanganyika, vimo visu vya zamani ambavyo havitumiki tena jikoni wala shambani. Hufungwa katika kitambaa, huwekwa sandukuni, na aghalabu kila kimoja kina hadithi yake. Hiki yasemekana kililetwa na Mwarabu aliyefuata msafara wa pembe. Kile kilitoka kwa askari wa Kihindi wa Vita Kuu ya Kwanza. Cha tatu kilifuliwa na babu mzaa baba kwa chuma cha nchi hii. Hadithi kama hizi hazifai kudharauliwa, kwa maana mara nyingi ndizo zinazomwonyesha mchunguzi mahali pa kuanzia. Hata hivyo, chuma chenyewe nacho kina ushuhuda wake, na ushuhuda huo haulingani sikuzote na maneno ya mwenye kisu.

Jambo hili si la kujifurahisha tu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 imeuweka mwaka 1863 kuwa mpaka: kitu kinachochukulika, kilichotengenezwa kwa mkono wa binadamu kabla ya mwaka huo, huhesabiwa kuwa ni masalio ya kale, nacho hakiruhusiwi kutolewa nchini bila kibali. Hivyo basi swali la umri wa kisu ni swali la sheria, na pia ni swali la fedha. Mwenye kisu asiyejua alicho nacho aweza kukiuza kwa bei ya panga la dukani. Na mfanyabiashara mjanja aweza kuuza panga lililofuliwa kwa springi ya lori, akisema lilikuwapo Ujiji siku ile Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Makosa haya mawili huzaliwa na ujinga mmoja.

Ichukuliwe kwamba mwanafunzi wa sekondari ameleta darasani kisu cha aina hii. Bapa lake lina urefu wa sentimita 28, nalo limepinda kuelekea mbele. Makali yako upande mmoja tu, ndani ya pindo, na mgongo wake ni mnene kiasi cha milimita 8. Karibu na mpini, kwenye makali, pana pengo dogo lililokatwa kwa makusudi. Babu yake mwanafunzi husema kisu hicho ni cha “Magurkha”. Je, ni kweli?

Gurkha ni jina walilopewa askari wa Nepali, nchi ya milimani iliyo kati ya Uhindi na Uchina, nalo limetokana na Gorkha, ufalme mdogo ambao wafalme wake waliiunganisha Nepali katika karne ya 18. Kisu chao huitwa khukuri. Katika Makumbusho ya Taifa ya Nepali mjini Kathmandu kimehifadhiwa kimoja kinachosemekana kuwa cha Drabya Shah, aliyeanza kutawala Gorkha mwaka 1559. Kwa mkulima wa Nepali khukuri ni chombo cha kila siku cha kupasulia kuni, kuchinjia na kufyekea. Kwa askari ni silaha.

Umbo ndilo shahidi wa kwanza, nalo hutosha kuondoa baadhi ya majibu yasiyo ya kweli. Jambia la Omani, ambalo wengi wa pwani wanalifahamu, nalo limepinda. Lakini lina makali pande zote mbili, na katikati ya bapa upo mwinuko unaokwenda hadi nchani. Kisu chenye makali upande mmoja na mgongo mnene si jambia, hata kama mwenyewe alikipata kwa Mwarabu. Kuna chombo kingine, kilicho karibu zaidi na nyumbani, kinachoweza kumdanganya mtazamaji. Hicho ni mundu, ambao katika nchi jirani ya Burundi huitwa umuhoro. Huo nao una makali ndani ya pindo, kama khukuri. Tofauti iko katika mwendo wa pindo na katika mpini. Mundu hupinda zaidi karibu na ncha, mfano wa ndoano, na mara nyingi huvalishwa mti mrefu. Khukuri hupinda katikati, tumbo la bapa likapanuka kabla ya ncha, na mpini wake ni mfupi wa kushikwa kwa mkono mmoja. Lile pengo dogo, ambalo Wanepali huliita kaudi na kulieleza kwa njia kadha wa kadha, halina kazi katika mundu. Likionekana, lapaswa kutiliwa maanani sana.

Lakini umbo husema tu kitu kimeigwa kutoka wapi. Mhunzi hodari wa Ujiji aliyeonyeshwa khukuri moja aliweza kufua ya pili kabla ya jioni, na kaudi akaikata vile vile.

Kabla ya kukiendea chuma yafaa kuuliza kama kisu cha Nepali kingeweza kufika Kigoma hata kidogo. Historia hujibu kwamba ndiyo, tena kwa njia zaidi ya moja. Mwezi Novemba 1914 majeshi ya Kiingereza kutoka Uhindi yalishuka Tanga na kushindwa na Wajerumani. Miongoni mwao walikuwamo askari wa Kashmir Rifles, na sehemu yao walikuwa Magurkha walioingia mpaka ndani ya mji. Majeshi yale yalipokimbilia melini yaliacha nyuma mamia ya bunduki na vifaa vingi vinginevyo. Reli ya Kati, yenye urefu wa kilometa zipatazo 1,250, ilikuwa imefika Kigoma mapema mwaka huo huo wa 1914, kwa hiyo mali ya vita iliweza kusafiri upesi kuliko zamani. Njia ya pili ni ng’ambo ya ziwa. Umoja wa Mataifa ulipopeleka jeshi Kongo tangu mwaka 1960 hadi 1964, Uhindi ilitoa askari wa Gorkha. Mmoja wa maofisa wao, Kapteni Gurbachan Singh Salaria, aliuawa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, tarehe 5 Desemba 1961, katika shambulio ambalo khukuri zilitumika. Katika miaka ya 2000 askari wa Nepali yenyewe walitumwa mashariki ya Kongo chini ya bendera hiyo hiyo. Tena khukuri huuzwa kwa watalii kama kumbukumbu, na mtu yeyote aliyepita Kathmandu au Delhi aweza kurudi nayo.

Kuwezekana kwa safari si uthibitisho wa safari. Yapasa kurudi kwenye kisu.

Mpini na ala huzungumza zaidi ya inavyodhaniwa. Khukuri ya kienyeji kwa kawaida ina msuka mwembamba uliozama ndani ya mpini na kushikwa kwa gundi nyeusi ya utomvu. Khukuri nyingi zilizotengenezwa kwa wingi kwa ajili ya jeshi zina msuka mpana kama mpini wenyewe, nao umebanwa kati ya vipande viwili vya mti kwa misumari inayoonekana. Hizo za jeshi aghalabu zimepigwa mihuri kwenye bapa: mwaka, alama ya mtengenezaji, na mshale, ambao ni alama ya mali ya serikali ya Kiingereza. Muhuri unaosomeka “1917” una thamani kuliko vipimo vingi vya maabara. Kwa upande mwingine, mpini wa shaba wenye kichwa cha simba ni dalili ya bidhaa ya watalii ya karne ya 20. Ala kamili ya khukuri hubeba pia vijisu viwili vidogo, kimoja chenye makali kiitwacho karda, na kingine butu kiitwacho chakmak, cha kunolea na kuwashia moto. Vijisu hivi hupotea upesi, lakini mifuko yake nyuma ya ala hubaki.

Mpini wa pembe huuliza swali la zoolojia. Pembe ya nyati wa maji wa Asia na pembe ya mbogo wetu si za mnyama mmoja, na siku hizi uchunguzi wa protini huweza kuwatofautisha wanyama hata katika kipande kidogo. Mpini wa mti huuliza swali la botania, kwa maana seli za mti hupangwa kwa namna yake katika kila jamii ya miti, na hadubini huionyesha. Hapa yafaa kuwa na tahadhari. Mpini ukionekana kuwa wa mpingo, haifuati kwamba bapa ni la Afrika ya Mashariki. Mpini huvunjika, nao hubadilishwa. Kisu kimoja chaweza kuwa na bapa la Nepali la mwaka 1916, mpini wa Kigoma wa mwaka 1950, na ala iliyoshonwa juzi. Anayeuliza “kina umri gani?” hana budi kwanza kusema ni sehemu gani anayoiulizia.

Sasa chuma. Tofauti kubwa kuliko zote ni kati ya chuma kilichotolewa katika tanuri ya kienyeji kwa makaa ya miti na feleji ya kiwandani. Nchi za Ziwa Tanganyika ni mahali pazuri pa kujifunzia tofauti hiyo, kwa sababu uyeyushaji wa kienyeji ulikuwa na historia ndefu hapa. Wafipa, kusini ya Kigoma, walijenga matanuri ya udongo yaliyoitwa malungu, ambayo mengine yalifikia urefu wa meta 3 au zaidi. Hayakutumia mivukuto: hewa iliingia yenyewe kupitia mirija ya udongo iliyopangwa chini kuzunguka tanuri, ikavutwa juu na joto. Bonge lililopatikana lilisafishwa tena katika tanuri ndogo yenye mivukuto. Katika miaka ya 1990 Bertram Mapunda, mtaalamu wa mambo ya kale wa Kitanzania, alipochunguza masalio ya kazi hii huko Nkansi, alionyesha kwamba palikuwapo pia matanuri mafupi yaitwayo katukutu, yaani ufundi wa namna tofauti katika eneo hilo hilo. Makazi ya watu kandokando ya ziwa ni ya kale zaidi. Huko Uvinza, uchimbaji uliofanywa mwaka 1967 kwenye chemchemi za chumvi ulipata vyungu vya watu wa Zama za Chuma waliokuwapo hapo yapata karne ya 5 au ya 6.

Katika tanuri ya kienyeji chuma hakiyeyuki. Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za sentigredi, na tanuri ya namna hii kwa kawaida hufanya kazi kwenye nyuzi zipatazo 1,200. Makaa yanapoungua katika hewa haba hutoa monoksidi ya kaboni, nayo huinyang’anya mbale oksijeni yake:

Fe₂O₃ + 3CO → 2Fe + 3CO₂

Mchanga na udongo uliomo katika mbale huungana na sehemu ya chuma, hugeuka kuwa kiowevu na kutiririka. Hayo ndiyo mavi ya chuma, mawe mazito meusi yanayoonekana hata leo kwenye vilima vya Ufipa. Kinachobaki ni bonge la chuma lenye matundu, na katika matundu hayo mavi hayakosi kubaki. Mhunzi hulipiga bonge hilo likiwa jekundu ili ayakamue, lakini hawezi kuyamaliza. Yale yanayobaki hunyooka kuwa nyuzi nyembamba zinazofuata mwelekeo wa nyundo. Kipande cha kisu kikisuguliwa hadi king’ae, kikapakwa asidi ya nitriki iliyochanganywa na alkoholi, kisha kikatazamwa kwa hadubini, nyuzi hizo huonekana wazi. Kemia yake nayo husaidia. Kila mbale ina viasi vyake vya titani, alumini, fosforasi na elementi nyinginezo, na baadhi ya elementi hizo hubaki katika nyuzi za mavi mpaka mwisho. Viasi hivyo vikilinganishwa na mavi yaliyopatikana kwenye tanuri inayojulikana, yaweza kusemwa kama kisu kingeweza kutoka huko au la. Ni rahisi zaidi kusema la kuliko kusema ndiyo.

Ni kwa ajili hiyo kwamba wataalamu huyaheshimu mavi ya chuma kuliko visu. Mwaka 1976 Peter Schmidt na Donald Avery waliwaomba wazee wa Kihaya, upande wa Ziwa Viktoria, wajenge tena tanuri na kuyeyusha chuma kama walivyofanya ujanani. Mavi na mirija iliyopatikana ililinganishwa na ile iliyofukuliwa ardhini, yenye umri wa kati ya miaka 1,500 na 2,000. Matokeo yalitangazwa mwaka 1978. Hoja yao kwamba hewa ilipashwa moto ndani ya mirija kabla ya kuingia tanurini ilipingwa na wataalamu wengine, na ubishi huo ulikuwa wa faida. Lakini hakuna aliyeweza kupinga kwamba ufundi wenyewe ulikuwa wa kale na wa wenyeji.

Feleji ya kiwandani hupatikana kwa njia nyingine. Mbale huyeyushwa kabisa katika tanuri kubwa, kwa joto la makaa ya mawe yaliyokaangwa, kisha kaboni iliyozidi huondolewa. Njia ya kuiondoa kwa kupuliza hewa ilisajiliwa na Mwingereza Henry Bessemer mwaka 1856, na wakati huo huo Robert Mushet aligundua kwamba feleji hiyo huwa bora ikitiwa manganisi. Tangu hapo feleji ya viwandani ina manganisi, na badala ya nyuzi za mavi huonyesha chembe ndogo za muungano wa manganisi na salfa. Springi za magari zina zaidi ya hapo: nyingi zimetiwa silikoni kwa makusudi, na nyingine kromi, ambayo ikionekana kwa kiasi cha kutosha huonyesha kazi ya karne ya 20 au baadaye.

Msomaji ataona mara moja jinsi jambo hili linavyoihusu Kigoma. Reli ilipofika, na meli Graf von Götzen, ambayo sasa huitwa Liemba, ilipounganishwa bandarini na kuteremshwa majini mwaka 1915, wahunzi wa pwani ya ziwa walipata hazina ya vyuma vikuukuu ambavyo havikuhitaji kuyeyushwa. Vipande vya reli, misumari mikubwa, na baadaye springi za malori, vilitosha. Mhunzi aliyefua panga kwa springi alitumia fuawe, mivukuto na nyundo za mababu zake. Umbo la kazi yake ni la kale. Chuma chake ni cha Ulaya. Na huko Nepali mambo yalikuwa yale yale, kwa kuwa wahunzi wengi wa khukuri leo hutumia springi za malori. Kwa hiyo manganisi katika bapa haisemi kama kisu kilifuliwa Nepali au Ujiji. Husema tu kwamba hakikufuliwa kwa chuma cha tanuri ya kienyeji, na kwamba ni vigumu mno kiwe cha kabla ya mwaka 1863.

Zipo dalili za ufundi zinazoweza kusaidia hapo. Mhunzi wa Nepali hulitia ugumu bapa lake kwa kumimina maji kwenye makali peke yake, kwa birika, akiuacha mgongo upoe polepole. Makali huwa magumu, mgongo hubaki mlaini usiovunjika. Ugumu ukipimwa kutoka makali hadi mgongoni tofauti hiyo hujitokeza. Bapa lililochovywa lote majini huwa na ugumu unaokaribiana kila mahali.

Wengi huuliza: kwa nini basi chuma kisipimwe kwa kaboni 14? Kinaweza. Feleji ina kaboni ndani yake, na kama iliyeyushwa kwa makaa ya miti, kaboni hiyo ilitoka katika mti uliokuwa ukivuta hewa. Nikolaas van der Merwe alionyesha katika miaka ya 1960 kwamba kaboni hiyo yaweza kutolewa na kupimwa. Wakati huo vipande vikubwa vilihitajika. Vyombo vya sasa hutosheka na miligramu 1 ya kaboni au chini ya hapo. Na madhali feleji yenye kaboni asilimia 0.5 ina miligramu 5 katika kila gramu 1, kipande cha miligramu 200 chatosha.

Ila kipimo hiki kina mitego mitatu. Wa kwanza ni wa kuchekesha. Makaa ya mawe ni mabaki ya misitu ya mamilioni ya miaka iliyopita. Nusu-maisha ya kaboni 14 ni miaka 5,730, kwa hiyo baada ya nusu-maisha 10 hubaki sehemu moja tu katika 1,024, na katika makaa ya mawe hapana inayopimika. Panga lililofuliwa Mwanga mwaka jana kwa springi ya lori lingetoa jibu la zaidi ya miaka 40,000, kana kwamba lilifuliwa kabla mwanadamu hajajua chuma. Mtego wa pili ni mti wenyewe: makaa ya kiini cha mti wa miaka 200 hukipa kisu umri wa mti. Wa tatu ndio unaotuhusu zaidi. Kiasi cha kaboni 14 hewani hakikuwa kimoja kila mwaka, na kwa kipindi cha tangu yapata 1650 hadi 1950 kilipanda na kushuka kiasi kwamba kipimo kimoja huweza kulingana na miaka kadha wa kadha iliyoachana mbali. Kisu cha kweli cha mwaka 1840 na kisu cha kweli cha mwaka 1910 vyaweza kupata jibu moja. Yaani, katika mpaka ule ule ambao sheria imeuweka, kaboni 14 haioni vizuri.

Hivyo kile kisu cha darasani huamuliwa kwa kukusanya mashahidi. Kama kina kaudi, makali magumu na mgongo mlaini, msuka mpana wenye misumari, muhuri wa mwaka 1917, na manganisi ndani ya chuma, babu alisema kweli. Kama hakina muhuri, ugumu wake ni mmoja kila mahali, msuka umechomwa ndani ya mti wa mninga, na silikoni imo kwa wingi, ni kazi ya mhunzi wa hapa aliyeiga umbo la kigeni kwa springi; na familia haina sababu ya kuona haya, kwani habari hiyo ni adimu kuliko khukuri ya jeshi, ambazo zilitengenezwa kwa maelfu. Na kama badala ya hayo hadubini itaonyesha nyuzi za mavi, na kaboni 14 ikakubali kwamba makaa yalikuwa ya miti, basi hapana tena habari ya springi wala ya kiwanda. Hapo mundu wa kienyeji umevaa mpini mfupi, na lile pengo lapaswa kutazamwa upya kwa kioo cha kukuzia, maana laweza kuwa jeraha tu.

Mwalimu asiye na maabara anaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hii. Kisu hupimwa urefu na unene kila baada ya sentimita 2, hupimwa uzito, huchorwa kwa ukubwa wake halisi pande zote mbili, na kila alama hutazamwa kwa mwanga unaotoka ubavuni. Jina la anayesimulia habari zake huandikwa, pamoja na tarehe, na maneno yake kama alivyoyasema. Sumaku haina faida hapa, kwani hushika chuma cha Ufipa na cha Ulaya sawasawa. Kutu isisuguliwe kwa msasa, kwa sababu mihuri mingi hukaa chini yake na huondoka nayo. Mafuta membamba yasiyo na chumvi yatosha kuizuia isiendelee. Ala, hata ikiwa imeoza, isitenganishwe na kisu. Wanafunzi wakiokota mavi ya chuma mlimani, wayaache yalipo na kuandika mahali penyewe, kisha habari zipelekwe kwa ofisa utamaduni wa wilaya au Makumbusho ya Taifa mjini Dar es Salaam.